Kaki, udongo mweupe na uji wa muhogo

Katika soko la Kamembe, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, mfuko wa kaki haumalizi kazi yake pale sukari inapomiminwa koponi. Ukifika nyumbani hufunguliwa gundi taratibu, hunyooshwa kwa kiganja, kisha hulazwa chini ya godoro usiku mmoja ili makunyanzi yaishe. Kesho yake ni jalada la daftari. Likichakaa, hukatwa vipande vyembamba vya kuunganisha mnyororo wa kupamba sebule wakati wa Noeli au Idi, na kipande cha mwisho huwa kipepeo cha kuchochea mkaa. Mtoto aliyetumwa dukani anajua hilo mapema kuliko hesabu ya chenji: "Mama, naomba uniongezee mfuko mmoja." Mwenye duka naye anajua kuwa huyo hana sukari ya kutia mle.

Watu wengi wakizungumzia sanaa za mikono za watoto hufikiria karatasi za manila za rangirangi, makopo ya rangi na brashi zilizopangwa dukani. Huko Rusizi, wilaya iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, historia imepita njia nyingine. Karatasi ya mtoto karibu kila mara ilikuwa imekwisha kufanya kazi ya mtu mzima kwanza. Anayetaka kuifuata historia hiyo basi afuate mizigo.

Mzigo wa karibuni zaidi ni wa mwaka 2008. Septemba mwaka ule Rwanda ilipitisha sheria iliyopiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya nailoni. Kenya ilifuata mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini Rusizi ilikuwa imekwisha kuzoea. Hapa sheria ile ilikuwa na uso wa pekee, kwa sababu upande wa pili wa Mto Rusizi ni Bukavu, mji wa Kongo, na mifuko ya nailoni, mashashi kama yanavyoitwa na wenyeji, iliendelea kuuzwa ng'ambo ile kama kawaida. Msafiri aliyevuka daraja alipekuliwa mizigo, na shashi lililofungia vitenge lilibaki mpakani. Jambo ambalo halikutajwa katika kifungu chochote cha sheria ni kwamba nyumba zilijaa karatasi ghafla. Shashi halishiki gundi ya unga, halikubali kalamu, na ukilikunja linakunjuka lenyewe. Kaki inakubali yote hayo. Sidhani kama kuna wizara iliyowahi kuwapa watoto vifaa vya sanaa kwa wingi namna ile bila kukusudia.

Lakini kaki yenyewe ni ya zamani kuliko sheria. Ilikuja na saruji. Mwaka 1984 kiwanda cha CIMERWA kilianza kazi Bugarama, kwenye bonde la mpunga kusini mwa wilaya, kikiwa kimejengwa kwa msaada wa Wachina. Mtambo mpya wa mwaka 2015 uliupandisha uwezo wake kutoka tani 100,000 hadi tani 600,000 kwa mwaka. Mfuko wa saruji wa karatasi una matabaka zaidi ya moja, na karatasi hiyo ngumu ina ukoo wake: mkemia wa Kijerumani, Carl Dahl, ndiye aliyegundua mwaka 1879 namna ya kupika mbao kwa dawa ili nyuzi zake zibaki ndefu na zisipasuke ovyo. Wajerumani waliiita Kraft, yaani nguvu. Sisi tuliitazama rangi tukaiita kaki, neno lililotoka Uajemi na Uhindi kwa maana ya vumbi. Kwa mfuko wa saruji, hakuna jina linalofaa zaidi.

Na vumbi hilo si la mchezo. Saruji huchoma ngozi na macho, kwa hiyo mfuko hukung'utwa nje na mtu mzima, mbali na watoto, kisha tabaka lililogusana na saruji huondolewa. Linalobaki ni karatasi pana kuliko daftari lolote, inayostahimili upepo wa Ziwa Kivu mchana. Kishada cha karatasi ya saruji ni kizito kupanda, lakini kikishapanda hakichaniki upesi kama cha gazeti.

Gazeti pia lina sehemu yake. Wamisionari wa Kanisa Katoliki walianzisha misheni ya Mibilizi mwaka 1903, na kwa miaka mingi karatasi katika milima hii ilikuwa jambo la padri, karani na mwalimu. Mwaka 1933 likaanza Kinyamateka, gazeti la Kinyarwanda, na mwaka 1954 likaja Hobe, jarida la watoto. Nalitaja Hobe kwa sababu ni karatasi iliyokuja kwa jina la mtoto mwenyewe, bila kufungia kitu cha mtu mwingine. Maneno nayo yalisafiri kwa namna yake. Karatasi kwa Kinyarwanda ni urupapuro, neno lenye sauti ya Ulaya. Lakini kalamu ni ikaramu, bahasha ni ibahasha, na rangi ya kupaka ni irangi: hayo yalipitia kwa Waswahili, wafanyabiashara na makarani, muda mrefu kabla Kiswahili hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Neno irangi lilikuta rangi zenyewe zipo. Udongo mweupe, ingwa, ulikuwa ukipakwa kwenye kuta za nyumba nchini Rwanda kabla ya kopo la kwanza la rangi ya dukani, na bado unapakwa vijijini. Udongo mwekundu uko chini ya miguu ya kila mtu. Nyeusi ilitoka jikoni. Kwa rangi hizo tatu ilisimama sanaa ambayo leo kila mtoto wa Rwanda anaitambua, ingawa haikuzaliwa ziwani. Ni imigongo.

Mswahili hahitaji mkalimani hapo: imigongo ni migongo. Ni matuta yaliyoinuka juu ya ubao au ukuta, yakikimbia kwa pembe, misumeno na mizunguko. Asili yake ni Gisaka, ufalme wa kale wa mashariki, upande wa pili kabisa wa nchi kuelekea Rusumo na mpaka wa Tanzania. Inasimuliwa kwamba mwanamfalme Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, ndiye aliyeanza kupamba nyumba yake kwa namna hiyo. Hata kama mwanzo ni wa mwanamfalme, walioishika kazi hiyo ni wanawake, mama akimfundisha binti, ukutani mwao wenyewe. Malighafi ni samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, inayofinyangwa kwa vidole ikiwa mbichi. Ikikauka husuguliwa ikawa laini, kisha hupakwa. Nyeusi nzuri ilipatikana kwa kuchanganya majivu na utomvu wa mshubiri na tunda la intobo, ndugu wa mtunguja mwenye miiba. Nyeupe ni ingwa. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanawake wa Nyakarambi, huko huko mashariki, wengine wajane, waliirudisha kazi hiyo kwa vikundi vya ushirika, safari hii juu ya vibao vinavyobebeka. Kuondoka ukutani kuliibadilisha sana sanaa hii: ukuta haupandi basi, kibao kinapanda. Ndivyo misumeno ya Gisaka ilivyofika kwenye kuta za hoteli, mikoba na vikombe, hadi ukingo wa Kivu.

Mtaala mpya wa shule uliozinduliwa mwaka 2015 uliipa sanaa nafasi katika madarasa ya chini ya msingi, na mwalimu mwenye watoto hamsini hawezi kuagiza samadi ya kutosha, wala mzazi hatafurahi. Kuna njia rahisi ya kuigiza imigongo. Karatasi kuukuu huchanwa vipande vidogo na kulowekwa usiku kucha, kisha hupondwa kwenye kinu hadi ziwe rojo. Rojo hukamuliwa, hutiwa gundi ya unga wa muhogo na majivu yaliyochekechwa. Gundi hiyo haitaki fundi katika wilaya inayokula ugali wa muhogo: unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi, humiminwa kwenye maji yanayochemka, na hukorogwa mpaka uji ubadilike uwe kama kioo chenye ukungu. Mchoro hupigwa kwa rula juu ya boksi gumu, halafu rojo hupangwa juu ya mistari kwa vidole viwili. Siku mbili za jua zinatosha. Rangi ni mkaa uliosagwa, chaki au ingwa, na udongo mwekundu, kila kimoja kikiwa kimelainishwa kwa uji huo huo mwepesi. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha.

Nyeusi hutangulia, nyeupe humalizia. Ukigeuza utaratibu utapata kijivu, na watoto wote hugeuza.

Kazi nyingine ya darasani, kusuka vipande vya karatasi juu na chini ili vifanye mkeka mdogo, inatoka kwa Mjerumani Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Bad Blankenburg mwaka 1837 na baadaye akaiita bustani ya watoto. Kukunja, kukata na kusuka karatasi zilikuwa miongoni mwa kazi alizowapangia. Mtoto wa Rusizi aliyemwona bibi yake akisuka mkeka au kapu huipokea kazi hiyo bila mshangao. Anachouliza ni kwa nini mkeka wenyewe haukaliwi.

Mimi mwenyewe nilijaribu hiyo migongo ya karatasi nyumbani, pamoja na watoto watatu wenye haraka. Tulitumia kaki ya sukari, boksi la sabuni na uji uliobaki baada ya kubandika majalada ya madaftari. Matuta yalipasuka siku ya kwanza kwa sababu majivu yalikuwa machache. Tukaziba nyufa, tukapaka upya, tukatundika ukutani juu ya kabati la vyombo, na wageni wawili wakauliza tumenunua wapi. Wiki ya tatu niliona kona ya kushoto imeliwa. Mende walikuwa wameufuata muhogo, wakaacha mkaa na chaki vilivyo.