Kioo cha mbele cha pikipiki: urefu upi unafaa wakati wa mvua na wakati wa kiangazi?

Kutoka Musaga, kusini mwa Bujumbura, barabara hupanda milimani kuelekea Ijenda. Mwendesha pikipiki huliacha joto la Ziwa Tanganyika, lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika safari hiyo hiyo hukutana na baridi na ukungu wa nyanda za juu zinazozidi mita 2,000. Ndiyo maana urefu wa kioo cha kukinga upepo si suala la urembo.

Kanuni ya msingi ni moja: dereva atazame barabara juu ya kioo, wala si kupitia ndani yake. Kioo hicho ni cha plastiki na hakina kifuta maji. Vumbi hukichubua, na usiku taa za gari linalokuja hutawanyika katika michubuko na matone ya mvua, hata mtu anayevuka asionekane.

Kupima ni rahisi. Dereva akae kama anavyoendesha, akiwa amevaa helmeti, na kutazama mbele. Mwenzake aangalie ukingo wa juu wa kioo: uwe sentimita 3 hadi 5 chini ya mstari wa macho, yaani karibu na pua.

Huo ndio upeo unaofaa miezi ya mvua, Februari hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa hukinga kifua na kupunguza baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, hasa mjini, kioo kifupi kinachofika kifuani hutosha. Hupitisha hewa na kupunguza joto. Hata hivyo hakizuii vumbi kufika usoni, kwa hiyo kioo cha helmeti kifungwe.

Kioo kirefu kina gharama yake: upepo wa ubavuni hukisukuma kama tanga, na pikipiki huyumba. Anayepita kwenye miinuko iliyo wazi apunguze mwendo. Baada ya kukifunga, usukani ugeuzwe kulia na kushoto hadi mwisho, kuhakikisha hakigusi chochote.

Usafi nao ni sehemu ya usalama. Kioo kioshwe kwa maji mengi na kitambaa laini. Petroli huifanya plastiki ipoteze uangavu. Kikishachubuka sana, kifupishwe au kibadilishwe kabla ya mvua kuanza.