Delft ya Vermeer Imo Katika Madeni: Hoja Dhidi ya Usakaji wa Anwani

Mwaka 2015 mwanahistoria wa sanaa Frans Grijzenhout, wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, alitangaza kwamba amebaini mahali iliposimama nyumba inayoonekana katika Mtaa Mdogo, mchoro wa Johannes Vermeer wa mnamo 1658. Kwa maelezo yake, palikuwa Vlamingstraat, penye namba 40 na 42 leo. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, na sababu yake inaeleweka. Vermeer alibatizwa Delft mwaka 1632 na kuzikwa hapohapo mwaka 1675, lakini mji huo haumiliki hata mchoro wake mmoja. Mtaa Mdogo uko Rijksmuseum, Amsterdam. Mandhari ya Delft iko Mauritshuis, The Hague. Kituo kilichofunguliwa Delft mwaka 2007 kwa ajili ya kumuenzi huonyesha nakala. Mji uliokosa picha ukawa umepata anwani.

Makala hii haikusudii kuibatilisha anwani hiyo. Inachopinga ni imani inayoizunguka, kwamba kuijua Delft ya Vermeer ni kusimama pale aliposimama mchoraji na kulinganisha turubai na matofali. Ninadai kwamba michoro ya Vermeer ni ushahidi dhaifu kuhusu mji wake, na kwamba urithi wake mkubwa kwa anayetaka kuuelewa mji huo ni karatasi zilizoandikwa kwa sababu ya nyumba yake, watoto wake na madeni yake.

Kuhusu maisha ya Vermeer hakuna ugomvi mkubwa. Tangu John Michael Montias, mchumi wa Chuo Kikuu cha Yale, alipochapisha mwaka 1989 matokeo ya kupekua kwake nyaraka za mawakili wa Delft, watafiti wote wamejenga juu ya msingi wake. Ugomvi uko kwenye anwani. Wapo waliotetea Voldersgracht, nyuma ya Mechelen, nyumba ya wageni ya babake Vermeer. Wapo waliotetea Nieuwe Langendijk. Grijzenhout aliwazidi wote kwa chanzo alichotumia: leja ya mwaka 1667 ya ushuru wa kuchimbua matope ya mifereji. Kila mwenye nyumba alitozwa kulingana na upana wa kiwanja chake kwenye gati, kwa hiyo karani alipima nyumba na vichochoro kwa usahihi wa sentimeta 15 hivi. Grijzenhout alitafuta nyumba mbili zenye upana wa karibu mita 6.3 kila moja, zikitenganishwa na vichochoro viwili vya karibu mita 1.2 kila kimoja, akaziona Vlamingstraat.

Kazi hiyo ni ya umakini mkubwa, lakini imeegemea dhana ambayo leja haiwezi kuithibitisha, yaani kwamba Vermeer alichora alichokiona kwa kipimo. Mandhari ya Delft, ya mnamo 1660 na 1661, inatutahadharisha. Wanahistoria wa sanaa Arthur Wheelock na Kees Kaldenbach walionyesha mwaka 1982, kwa kulinganisha mchoro huo na ramani na picha nyingine za zama zile, kwamba Vermeer aliyapanga upya majengo ya ukingo wa mto Schie ili mstari wa mji utulie, na kwamba alikirefusha kivuli cha Lango la Rotterdam majini. Mchoraji aliyethubutu kulisogeza lango ambalo kila mkazi alilijua asingeona haya kukipanua kichochoro. Na hatuna namna ya kurudi kupima: malango yote mawili yaliyo katika mchoro huo yalibomolewa katika miaka ya 1830, Mechelen ilivunjwa mwaka 1885, na mahali pa nyumba ya Oude Langendijk alimoishi na kufia Vermeer pamejengwa kanisa.

Sasa tuichukue karatasi moja. Tarehe 27 Januari 1676, wiki sita baada ya maziko, mjane Catharina Bolnes alikwenda mbele ya wakili pamoja na mwokaji mikate Hendrick van Buyten. Kaya ilidaiwa zaidi kidogo ya gulden 617. Van Buyten alikubali kulihesabu deni hilo kuwa limelipwa kwa michoro miwili ya marehemu: mmoja wenye watu wawili, mmoja wao akiandika barua, mwingine wa mtu anayepiga ala ya nyuzi. Masharti yalimruhusu Catharina kuikomboa kwa kulipa gulden 50 kila mwaka. Hesabu ni rahisi: deni la mikate peke yake lingehitaji zaidi ya miaka kumi na miwili. Wasomi wengi wanautambua mchoro wa kwanza kuwa ule ulioko leo katika jumba la taifa la sanaa la Ireland, Dublin.

Katika ukurasa huo tunajifunza kuhusu Delft mambo ambayo turubai haiyasemi. Mwokaji mikate alikuwa na uwezo wa kukopesha kwa muda mrefu hivyo, na alikuwa na imani kwamba mchoro ni mali inayoweza kufuta deni. Wala halikuwa jambo la ajabu kwake. Mwaka 1663 msafiri Mfaransa Balthasar de Monconys alifika Delft kumtembelea Vermeer, akakuta hana kazi ya kumwonyesha. Mchoro aliokuja kuuona aliuona kwa mwokaji mikate, ambaye huenda ni Van Buyten huyuhuyu, na bei iliyotajwa ilimshangaza. Mgeni wa kwanza tunayemjua kuizunguka Delft kwa ajili ya mchoraji huyu alielekezwa kwa muuza mikate. Mji ambao fundi wa tanuri anatundika kazi ya mchoraji bora ukutani mwake ni mji wenye uchumi wa namna ya pekee: mmojawapo wa miji sita yenye ofisi ya Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, wenye viwanda vya vigae vya buluu na vyombo vya kuiga kauri ya China, na wenye fedha zilizoshuka hadi kwa watu wa kawaida. Karatasi nyingine inaonyesha fedha hizo zilivyokauka. Akiomba nafuu kwa wadai, Catharina alieleza kwamba vita na Ufaransa vilivyoanza mwaka 1672 viliua biashara ya sanaa. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mji alikuwa Antoni van Leeuwenhoek, yuleyule wa hadubini.

Jambo la pili ninaliona kuwa zito zaidi. Turubai za Vermeer zimejaa wanawake, wala hatujui kwa hakika jina la hata mmoja. Nyaraka nazo zimejaa wanawake wenye majina na sahihi. Maria Thins, mama mkwe, ndiye aliyeipa nyumba familia iliyozaa watoto kumi na watano, ambao kumi na mmoja waliachwa hai. Maria de Knuijt, mke wa Pieter van Ruijven, mnunuzi mkubwa wa michoro ya Vermeer, alimwachia Vermeer gulden 500 katika wosia wa mwaka 1665, jambo lililowafanya watafiti wa karibuni kumtazama kama mfadhili mkuu kuliko mumewe. Na leja ya Grijzenhout yenyewe inatuongoza kwa Ariaentgen Claes van der Minne, shangazi wa mchoraji na mjane, aliyeilea familia yake kwa kuuza utumbo wa ng'ombe. Kichochoro kando ya nyumba yake kiliitwa kwa jina la bidhaa hiyo. Kwangu huyu ndiye matokeo bora ya utafiti wa mwaka 2015. Hata kama siku moja itathibitika kwamba Vermeer hakuichora nyumba yake, muuza utumbo wa Vlamingstraat atabaki kuwa kweli.

Itasemwa kwamba nyaraka nazo zina upendeleo: huzaliwa pale palipo na deni, kifo au ugomvi, na hazisemi lolote kuhusu mwanga ule unaowavuta watu Delft. Ni kweli kwamba hazielezi uzuri. Lakini anayetaka uzuri aende Amsterdam na The Hague, kwa kuwa ndiko uliko; mwaka 2023 Rijksmuseum ilikusanya michoro 28 kati ya 37 hivi inayokubalika kuwa ya Vermeer, na watu wapatao 650,000 wakaenda kuitazama. Upendeleo wa wakili unajulikana na unaweza kusahihishwa kwa kulinganisha karatasi na karatasi. Upendeleo wa turubai ni mgumu zaidi kuugundua, kwa sababu unapendeza.

Kutokana na haya, ninapendekeza kwamba ziara na ramani za Delft ya Vermeer ziache kupangwa kwa swali la wapi alichora. Zianzie kwenye hifadhi ya nyaraka za mji, inakotunzwa leja ya 1667, na zifuate fedha: kutoka Mechelen hadi Oude Langendijk, hadi kwa mwokaji mikate, hadi kwa muuza utumbo, hadi nyumba ya Kampuni kando ya mfereji wa Oude Delft. Huenda njia hiyo isiufae kila mji wa msanii. Haarlem ya Frans Hals ina picha zake na kumbukumbu zake pia. Kwa Delft, hata hivyo, sioni njia nyingine iliyo ya haki. Mji huu ulishapoteza michoro yake yote, na kilichobaki ni daftari la madeni ya mchoraji, ambalo Amsterdam haiwezi kuliazima likatundikwa ukutani.