Cherehani na Nondo: Ukoo wa de Havilland Mbele ya Kamera

Desemba 1909, katika uwanda wa Seven Barrows huko Hampshire, Uingereza, ndege ya kwanza ya Geoffrey de Havilland ilinyanyuka, ubawa ukavunjika, ikabwagika chini. Mhandisi huyo, mtoto wa kasisi aliyezaliwa mwaka 1882, alitoka hai, na injini aliyoisanifu mwenyewe ikafaa kutumika tena. Filamu ya makala juu ya maisha yake haina budi kupitia hapo, na hapo ndipo ugumu wake unapoanza. Anayetajwa ni mtu mmoja, ilhali ndege ilikuwa kazi ya ukoo. Fedha, pauni 1,000, zilitoka kwa babu mzaa mama. Frank Hearle, rafiki aliyesaidia kuiunda, baadaye alimwoa dada yake Geoffrey. Vitambaa vya mbawa vilishonwa na mke wa Geoffrey, Louise, kwa cherehani ya mkono.

Ndege ya pili iliruka Septemba 1910. Hearle alilala nyasini ili aone kama magurudumu yameachana na ardhi kweli. Muda si mrefu Louise naye alipanda, amempakata mtoto wao wa kwanza, Geoffrey mdogo, aliyekuwa bado mchanga. Jeshi liliinunua ndege hiyo kwa pauni 400, na mwenye nayo akaajiriwa katika kiwanda cha jeshi huko Farnborough. Kwa miaka hii mtengenezaji wa filamu hutegemea zaidi picha za mnato na *Sky Fever*, kumbukumbu alizochapisha de Havilland mwaka 1961. Mtu huyo alikuwa mkimya kwa tabia, na filamu inayomsikiliza yeye peke yake itaisahau ile cherehani upesi.

Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1920 katika uwanja wa Stag Lane, pembezoni mwa London. Ndege iliyoivusha ilikuwa DH.60 ya mwaka 1925, iliyopewa jina la Moth, yaani nondo, kwa kuwa msanifu alipenda kuchunguza wadudu hao. (Msomaji wa Kiswahili asidhani ni nondo za zege: ndege hizo zilikuwa za mbao na kitambaa.) Zilikuwa nyepesi na rahisi kurusha, na upesi zikafika Afrika Mashariki. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, alianza na Gipsy Moth. Katika ndege ya aina hiyo hiyo mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton alifia Voi, Mei 1931, na filamu ya *Out of Africa* ya mwaka 1985 ikaifanya Gipsy Moth ijulikane hata kwa watu wasiowahi kulisikia jina la aliyeisanifu. Tom Campbell Black, aliyewahi kuwa rubani wa Wilson Airways, alishinda pamoja na C. W. A. Scott mashindano ya kutoka Uingereza hadi Melbourne mwaka 1934, wakiruka DH.88 Comet ya kampuni ya de Havilland.

Vita Kuu ya Pili ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Mosquito, ndege ya kivita iliyoundwa kwa plaiwudi na mti mwepesi wa balsa, ilirushwa mara ya kwanza Novemba 1940 na Geoffrey mdogo, sasa rubani mkuu wa majaribio. Agosti 1943 mdogo wake, John, alikufa Mosquito mbili zilipogongana angani. Septemba 1946, vita vikiwa vimekwisha, Geoffrey mdogo naye alikufa DH.108 ilipovunjika hewani juu ya mlango wa mto Thames, katika majaribio ya mwendo ulio karibu na kasi ya sauti. Louise alifariki mwaka 1949.

Sinema ya kubuni iliwahi msiba huo kabla ya makala yoyote makini. Mwaka 1952 David Lean alitoa *The Sound Barrier*, kisa cha mwenye kiwanda cha ndege ambaye mwanawe na mkwewe wanafia angani. Kufanana kwake na ukoo huu kuko wazi mno, na hiyo ni hatari kwa mtafiti, kwani picha za Lean hukaa akilini kuliko kumbukumbu za kweli. Katika maisha ya kweli, Mwingereza wa kwanza kuipita kasi ya sauti alikuwa John Derry, mwaka 1948, akirusha DH.108 nyingine.

Ndege ya abiria ya Comet, tofauti na ile DH.88 ya mashindano, iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Julai 1949, siku de Havilland alipotimiza miaka 67. Tarehe 2 Mei 1952 ndege yenye alama G-ALYP ilifungua safari ya kwanza ya jeti ya abiria duniani, kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Ndege hiyo hiyo ilianguka baharini karibu na Elba, Januari 1954, ikiua watu wote 35. Nyingine ilifuata Aprili, karibu na Naples. Huko Farnborough, wahandisi walizamisha mwili wa Comet katika tangi la maji na kuujaza na kuupunguza shinikizo tena na tena, hadi ukapasuka kwenye kona ya dirisha. Uchovu wa metali ukajulikana kuwa chanzo. Comet 4 iliyoimarishwa ilinunuliwa na East African Airways, ikaanza kazi mwaka 1960.

De Havilland alifariki Mei 1965. Majivu yake yalimwagwa kutoka angani juu ya Seven Barrows.