Magritte, karatasi za nyimbo, na gamba la jarida la mpwa wangu

Mnaponipigia mnauliza nakaa sehemu gani hapa Brussels, nikijibu Jette mnanyamaza, maana hakuna aliyewahi kuisikia. Haya, leo nawapa sababu ya kuijua. Jette ni moja ya manispaa 19 zinazounda mkoa wa Brussels, upande wa kaskazini-magharibi. Tuna soko kubwa la Jumapili, tuna nyumba za matofali zilizobanana kama abiria wa daladala, na katika mtaa wa Esseghem, namba 135, tuna nyumba aliyokaa mchoraji René Magritte na mkewe Georgette kuanzia 1930 hadi 1954. Ndiye yule aliyemchora bwana mwenye kofia nyeusi na tofaa usoni, na ndiye aliyechora kiko kisha akaandika chini yake kwamba hiki si kiko.

Tangu 1999 nyumba hiyo ni makumbusho. Msiichanganye na makumbusho makubwa ya Magritte ya katikati ya jiji, yaliyofunguliwa 2009. Yale ni ya watalii wanaoshushwa na mabasi. Haya yetu ni ya vyumba vidogo, na mchoraji mwenyewe alipanga ghorofa ya chini tu.

Lakini sitaki kuwaeleza habari za tofaa. Ninachotaka mjue ni kibanda kilichokuwa uani, nyuma ya nyumba. Huko Magritte na mdogo wake Paul walifungua ofisi ya matangazo wakaiita Studio Dongo. (Najua vijana mnacheka. Huku hakuna anayejua kupigana madongo ni nini.) Sababu ilikuwa njaa. Kabla ya hapo Magritte alikuwa na mkataba na jumba la sanaa la Brussels liitwalo Le Centaure, lakini baada ya uchumi wa dunia kuanguka mwaka 1929 picha hazikununuliwa tena, na jumba lenyewe likafilisika. Mtu akale nini? Akarudia kazi aliyoijua tangu ujana wake, alipokuwa mchora mapambo katika kiwanda cha karatasi za ukutani: mabango, matangazo ya bidhaa, na magamba ya karatasi za nyimbo.

Hizi karatasi za nyimbo inabidi nizieleze, kwa sababu kwetu hazikuwahi kuwa biashara kubwa. Kabla santuri na redio hazijaenea, wimbo uliuzwa ukiwa umechapwa. Ulikwenda dukani ukanunua karatasi iliyokunjwa, ndani mna noti na maneno, ukarudi nyumbani, dada akakaa kwenye piano, wengine mkaimba. Mwenye kutoa wimbo alipata fedha kwa kila karatasi iliyouzwa. Kwa hiyo gamba ndilo lililokuwa likimwita mteja kutoka dirishani, kabla hajasikia hata sauti moja. Na kwa kuwa magamba mengi yalining'inizwa pamoja, kila mchoraji alifuata kanuni zilezile: jina la wimbo kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote, picha moja inayosema kama ni wimbo wa mapenzi au wa kuchekesha, rangi chache kwa sababu kila rangi ya ziada ni gharama kwa mchapaji, aina ya dansi (fokstroti, tango, waltzi) ili mnunuzi ajue atacheza vipi, majina ya watunzi, na mara nyingi jina au picha ya mwimbaji aliyeupa wimbo umaarufu.

Magritte alichora magamba kama arobaini ya namna hii, ya kwanza yakiwa ya miaka ya 1920. Moja ni la Norine Blues, wimbo wa kuitangaza nyumba ya mitindo ya Norine ya hapa Brussels, muziki ukiwa wa mdogo wake Paul. Huyo Paul alitunga nyimbo nyepesi za kuchezwa, akajipa jina la Bill Buddie, maana enzi hizo mwanamuziki wa Ubelgiji akijiita Mmarekani anauza zaidi. Mnaona? Hata kina nani-hii wetu wa Temeke na Kinondoni wanaojibatiza majina ya Kimarekani wana babu zao huku.

Ukiyatazama magamba hayo, hutajua kama aliyeyachora ndiye mchoraji wa mambo ya ajabu. Ni mazuri, yana herufi safi za mtindo wa wakati ule na wanawake wa nywele fupi, lakini yametii. Mwenyewe kazi za biashara aliziita za kipumbavu. Mimi simwamini sana hapo. Mtu anayedharau kazi huwa anailipua, na zile hazikulipuliwa.

Sasa, kwa nini nawaeleza haya yote? Ni kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa dada, ambaye wengi mnamfahamu. Amekusanya akiba yake ya miaka mitatu anataka kutoa jarida la muziki wa dansi na wanamuziki wake, wazee na vijana. Alinitumia gamba la kwanza kwenye simu. Jina la jarida kaliweka chini kabisa pembeni, kwa herufi ndogo kama za risiti. Mwanamuziki kampiga picha akiwa ametupa mgongo. Hakuna hata neno moja linaloeleza ndani kuna nini. Nikamuuliza, akanijibu, "Mjomba, sitaki lifanane na mengine." Mama yake naye kanipigia analia kwamba fedha zitazama. Basi nilimwandikia mpwa barua ndefu, na humu naweka sehemu yake, kwa kuwa wengine pia mmekuwa mkimshauri na si kila ushauri ni mzuri.

Jarida la muziki limetoka tumboni mwa karatasi ya wimbo, tena waziwazi. Melody Maker la London lilianzishwa 1926 na Lawrence Wright, ambaye kazi yake ilikuwa kuchapa na kuuza karatasi za nyimbo, na mwenyewe alikuwa mtunzi. Alitaka wapigaji wa bendi wajue nyimbo zake. Kila kanuni iliyofuata ilizaliwa kwa sababu fulani ya dukani. New Musical Express la huko huko London lilipotaka kulipiku Melody Maker, tarehe 14 Novemba 1952 likachapa orodha ya nyimbo zinazouza zaidi, wakiipata kwa kupiga simu madukani. Ya kwanza ilikuwa ya Al Martino. Watu wakawa wananunua gazeti ili waone nani kapanda nani kashuka. Bravo la Ujerumani, lililoanza 1956, likabuni picha ya nyota ya kimo cha mtu mzima iliyokatwa vipande, kipande kimoja kila toleo. Ukikosa wiki moja, nyota wako hana goti! Salut les copains la Ufaransa, 1962, lilizaliwa kutoka kipindi cha redio, nalo likawasemesha vijana kama rafiki zao. Smash Hits la Uingereza, 1978, likachapa maneno ya nyimbo.

Na jina likakaa juu kwa sababu rahisi sana: kwenye kibanda cha magazeti matoleo hupangwa yakifunikana, sehemu inayobaki wazi ni ya juu. Uso ukatazama mbele kwa sababu mpita njia husimama akiona macho. Anayeuza Kariakoo akitandaza magazeti chini anazijua sheria hizi bila kwenda shule.

Hapo mpwa alinikatiza: majarida hayo mengi si yamekufa? Kweli. Melody Maker lilimezwa na mwenzake mwaka 2000, Smash Hits likafungwa 2006, NME likaacha kuchapwa kila wiki mwaka 2018. Lakini kilichowaua si jina kukaa juu. Na simu imezibana kanuni zilezile zaidi, maana pale gamba lina ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Kuna jambo lingine, ambalo kwangu ndilo zito. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, wakati uleule Magritte anachora magamba yake. Wa kwetu waliingia kwenye santuri moja kwa moja, bila kupitia karatasi. Baadaye santuri ndogo nyingi za Nairobi zilitoka katika bahasha ya kampuni tu, yenye chata na tundu katikati, bila sura ya bendi. Maneno tuliyanakili wenyewe kwenye madaftari kutoka Radio Tanzania, tena kwa kukosea. Ndiyo maana wapo watu wanaoijua kila pumzi ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, wasioweza kumtambua pichani. Jarida la kwetu likimgeuza mwanamuziki mgongo, linarudia upungufu tuliokuwa nao tangu zamani. Kule Ulaya, ambako nyuso zimejaa kila ukuta, mgongo ni ubunifu.

Mpwa amekubali jina lipande juu na mzee atazame mbele. Hajakubali kuhusu rangi, anataka gamba zima liwe jeusi na jeupe, na hapo nimemwachia, maana ni nafuu kuchapa na picha zenyewe za zamani ndivyo zilivyo. Ukurasa wa maneno ya nyimbo anautaka sana. Nimemwambia asichape hata ubeti mmoja kabla hajafika COSOTA na kuzungumza na familia za watunzi. Huku Ubelgiji chama cha haki za watunzi, SABAM, kipo tangu 1922, na hata Bill Buddie wa uani Jette alijua karatasi ina mwenyewe.

Toleo la kwanza linahitaji picha. Mwenye albamu yenye bendi yoyote, harusini, kumbini, hata kama ni mpiga tumba peke yake amekatwa kichwa nusu, ampigie dada yangu. Msizikunje, na nyuma ya kila picha andikeni jina na mwaka kwa penseli, si kwa kalamu ya wino.