Baada ya Kuacha: Historia ya Walevi Waliosaidiana

Katika familia nyingi za Uganda yupo ndugu aliyewahi kuacha waragi. Kwetu ni mjomba. Alipoacha tulimpongeza, kisha tukamnyima kila kazi na kumficha pesa za duka tukihofia angerudia. Alishinda barazani bila la kufanya, na baada ya miezi minne akarudi kwenye chupa. Insha hii inajadili swali ambalo hatukujiuliza: mtu akishaacha ulevi, aishi kwa ajili ya nini? Historia ya Marekani inatusaidia kulijibu.

Kabla ya mwaka 1840, vyama vya kupinga pombe nchini humo viliwalenga zaidi watu wasiolewa, ili wasianze. Mlevi alihesabiwa amekwisha kupotea. Mwezi Aprili 1840, wanywaji sita waliozoea kukutana kwenye baa moja mjini Baltimore waliapa kuacha, wakaanzisha Chama cha Washington. Mikutanoni walisimulia maisha yao wenyewe, na kila mmoja alitakiwa kumleta mwenzake. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Abraham Lincoln, akihutubia huko Springfield tarehe 22 Februari 1842, alieleza kwamba nguvu ya vuguvugu hilo ilitokana na wasemaji wake: walikuwa walevi wa jana, si wahubiri wala mawakili. Hata hivyo, chama kilififia kabla ya muongo kwisha. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuingia katika mabishano ya siasa, hasa kuhusu kupiga pombe marufuku kwa sheria.

Mbegu hiyo iliota tena mwaka 1935. Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa na miezi mitano tu bila pombe aliposafiri hadi Akron, Ohio, na biashara yake ikavunjika. Akiwa hotelini, karibu na baa, alihisi kiu ikimrudia. Badala ya kuingia baa alipiga simu makanisani akiulizia mlevi wa kuzungumza naye. Hivyo alikutana na Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyelewa kwa miaka mingi. Jambo la kuzingatia ni kwamba Wilson hakwenda kumwokoa Smith tu. Alihitaji kujiokoa mwenyewe. Smith alikunywa mara ya mwisho mwezi Juni, na wote wawili wakaenda hospitali ya mji kumtafuta wa tatu. Huo ndio mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho baadaye kilijiwekea kanuni ya kutoingia katika mabishano ya nje.

Njia hii haimfai kila mtu, na wengine huhitaji pia dawa. Lakini imefika hata Zanzibar, ambako waraibu wa heroini waliopata nafuu wamekuwa wakiendesha soba hausi na kuwapokea wenzao.

Kwa kuhitimisha, kuacha ni mlango tu. Maisha ni kile mtu anachokuta ndani. Wilson na Smith walikuta kazi iliyowahitaji wao hasa, pamoja na aibu zao. Mjomba ameacha tena mwaka huu. Safari hii tumemkabidhi ufunguo wa duka, na jioni kijana wa jirani, anayepambana na waragi, huja kuketi naye.