Simu Ilizaliwa Ndani ya Gari (Sehemu ya 4)

Wiki hii tunaongelea vijana wetu, simu na usukani. Leo sitaki kutisha mtu. Nataka tupite kwenye historia, maana ukijua jambo lilikotoka, unajua na pa kulishika.

Wengi tunadhani simu iliingia garini juzijuzi, ikitokea mfukoni. Kumbe ni kinyume! Tarehe 17 Juni 1946, mjini St. Louis, Marekani, dereva alipiga simu akiwa ndani ya gari. Mtambo wake ulikuwa na uzito wa kilo zaidi ya 30, na ilibidi opereta amuunganishe. Simu ya kushika mkononi ilikuja karibu miaka 27 baadaye: mhandisi Martin Cooper wa Motorola alipiga ya kwanza akiwa mtaani New York, tarehe 3 Aprili 1973. Yaani simu ya gari ni dada mkubwa wa hii uliyoshika sasa hivi.

Zamani hizo ilikuwa kitu cha matajiri na mabosi, nani angewaza kijana wa miaka 17?

Halafu ikaja meseji. Ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ya kutakiana heri ya Krismasi tu. Lakini meseji ilileta jambo jipya: kuongea kunaiba akili, kuandika kunaiba akili, macho na mkono, vyote kwa pamoja.

Madaktari hawakukaa kimya. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Kanada, walichunguza madereva 699 waliopata ajali na wenye simu. Walikuta kwamba anayetumia simu akiendesha ana hatari ya kugonga mara 4 ya kawaida. Na wale waliotumia simu bila kuishika hawakuonekana kuwa salama zaidi. Mama, hapo pasome mara mbili. Mwanao akikuambia "mimi natumia spika za masikioni," mikono iko huru kweli, lakini ubongo uko kwenye maongezi.

Je, sheria zilikuja haraka? Wapi! Jimbo la New York lilipiga marufuku kushika simu ukiendesha mwaka 2001, Uingereza ikafuata mwishoni mwa 2003. Kuhusu meseji, jimbo la kwanza Marekani lilikuwa Washington, mwaka 2007. Hiyo ni miaka 15 tangu meseji ya kwanza.

Katikati ya kusubiri huko watu walikufa. Septemba 2006, jimboni Utah, kijana wa miaka 19 alikuwa akiendesha kwenda kazini asubuhi huku anachati. Gari lake likavuka mstari wa kati na kugusa gari lililokuwa linakuja. Lile likapoteza mwelekeo, likagongwa na gari kubwa. Wanaume wawili waliokuwemo walifariki, wote baba wa familia. Kijana hakuumia. Mwanzoni alikana, lakini rekodi za simu zilionyesha meseji zilivyokuwa zinakwenda na kurudi. Mwaka 2009 alikiri kosa. Alisimama pia mbele ya wabunge wa jimbo lake kusimulia alichofanya, na Utah ikapitisha sheria kali ya meseji barabarani. Hakuwa mlevi wala mhuni. Alikuwa mtoto mzuri wa watu aliyejibu meseji.

Mwaka huohuo 2009 watafiti wa Virginia waliowarekodi madereva wa malori kwa kamera walionyesha kuwa anayeandika meseji anaondoa macho barabarani kwa karibu sekunde 5. Piga hesabu: ukiwa spidi 80, gari linakwenda mita 100 na zaidi. Uwanja mzima wa mpira, umefumba macho.

Sasa kwa nini tunawataja vijana? Kama nesi nawaambia: sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima hatari na kusema "ngoja kwanza," inaendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka 20. Kijana ana macho makali na mikono myepesi, ila breki ya ndani bado inafungwa. Mpe na meseji ya rafiki, hiyo breki haishiki. Na hili si la wenye magari peke yao. Yule kijana wa bodaboda aliyebana simu ndani ya helmeti, ni hadithi ileile.

Nimalizie na hili, najua litauma kidogo. Mwaka 2014 watafiti Marekani waliwauliza vijana wanaoongea na simu wakiendesha: unaongea na nani? Wengi walijibu: mama au baba. Ndiyo, sisi! "Umefika wapi? Mbona hupokei?"

Historia inaonyesha sheria huja baada ya maiti. Nyumbani tunaweza kuwahi. Leo kubalianeni: akiwa njiani humpigi, na yeye hapokei. Akifika au akisimama, ndipo anakupigia. Na wewe ukiendesha na mtoto kiti cha nyuma, simu iwe ndani ya mkoba. Huyo mdogo anajifunza udereva sasa hivi, miaka mingi kabla ya leseni.

Sehemu ya 5: tutaandika pamoja makubaliano ya familia. Mtumie mama mwenzio asome.