Kuchagua pampu ya oili kwa injini iliyofunguliwa na kufungwa upya

Oili hupita kwenye pampu kabla ya kufika kwenye filta. Kwa hiyo vyembe vya chuma vya injini iliyokufa huikwaruza pampu kwanza. Ukirudisha pampu ya zamani bila kuipima, unaweza kuua beringi mpya njiani.

Unaponunua:

- Taja namba ya injini, si jina la gari tu. Hiace mbili zinazofanana huweza kuwa na injini tofauti.
- Beba pampu ya zamani. Linganisha matundu ya bolti na meno. Ukinunua Nairobi na gari liko Arusha, kosa ni safari ya pili mpakani.
- Chukua ya kiwango cha kiwandani. Pampu kubwa zaidi hula nguvu ya injini, na haiponyi beringi zilizolegea.

Unapofunga:

- Osha sampu, badilisha au safisha chujio lake.
- Jaza pampu oili, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiwasha hadi presha ipande.

Kipimo cha mafundi wengi ni takriban psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa na moto. Taa ya oili isipozimika, zima injini mara moja.